Njia ya Manyovu kwa dereva mpya: jinsi ya kushuka mlima na mzigo

Mpwa wangu amejifunzia udereva Tabora. Huko ukitoka mjini kuelekea Urambo na Kaliua, barabara imenyooka katikati ya miombo, gari linalokuja unaliona lingali mbali, na mguu unaweza kukaa kwenye mafuta muda mrefu bila sababu ya kuutoa. Sasa amepata kazi ya kuendesha Fuso hapa Kigoma: kupandisha saruji na sukari Manyovu, kushuka na ndizi na magunia ya kahawa. Akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Wenzangu wananitisha na kona za Manyovu. Nifanyeje?"

Nimeendesha malori njia hiyo miaka mingi, na jibu langu linawahusu vijana wengi kuliko yeye peke yake, ndiyo maana naliandika. Kona zina hatari zake, nitazifikia. Lakini kinachoua hasa milimani ni mteremko. Kona humkuta dereva ambaye mteremko ulishamshinda tangu juu. Kushuka kunaamuliwa kileleni, kabla gari halijaanza kuvutwa. Ukianza vibaya, huku chini utakuwa umebakiwa na mambo machache sana ya kuchagua.

Ujue unashuka kiasi gani

Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, na ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Mwandiga unaiacha barabara ya Kidahwe na Kasulu, unashika ya Manyovu, na kupanda kunaanza. Vilima vya Kalinzi na vya Buhigwe vinavuka mita 1,500. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu, mpakani na Burundi, ni kama kilomita 60. Katika kilomita hizo chache unapanda zaidi ya mita 700, na wakati wa kurudi zote lazima zishukwe. Hazishukwi kwa mkupuo mmoja. Barabara inashuka, inapanda kidogo, inazunguka kilima, inashuka tena. Ule mpando mfupi wa katikati huwadanganya wengi wakadhani wamemaliza mlima, wakaachia mwendo.

Zamani, barabara ilipokuwa ya vumbi, mashimo yenyewe yalikuzuia. Lami imekuja na baraka nyingi kwa wakulima wa huku, ila kizuizi kile imekiondoa. Sasa anayekuzuia ni wewe mwenyewe.

Piga hesabu pamoja nami. Fuso na mzigo wake, tuseme vyote pamoja ni tani 10. Nguvu inayotoka kwa kulishusha mita 700, ikigeuka joto, inatosha kuchemsha pipa zima la maji la lita 200, tena ukianza na maji ya kawaida ya bomba. Joto hilo ni lazima lipate pa kwenda. Kiasi kinachukuliwa na upepo na matairi. Kiasi kikubwa injini inaweza kukichukua ukiiruhusu. Kinachobaki chote kinaingia kwenye vyuma vichache vya breki vilivyojificha ndani ya magurudumu. Dereva asiyetumia injini anavibebesha vyuma hivyo karibu pipa lote.

Vikizidiwa, breki hukuacha kwa namna mbili, na mguu wako unapaswa kuzitofautisha. Namna ya kwanza, pedali iko juu na ni ngumu kama siku zote, unakanyaga kwa nguvu zako zote, gari halipungui. Hapo breki shuu, zile pedi zinazobana, zimepata moto mpaka zimepoteza mshiko, zinateleza tu juu ya dramu, yaani kile chuma cha duara kinachozunguka na gurudumu. Namna ya pili, pedali inalainika na kuzama mpaka sakafuni. Hapo mafuta ya breki yamechemka na mvuke umeingia kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga hewa.

Hili la pili lina dawa yake mapema, kwa fundi. Mafuta ya breki ya DOT 3 (ni daraja la mafuta, limeandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya hustahimili joto hadi nyuzi 205 ndipo yachemke. Tatizo ni kwamba hunyonya unyevu wa hewani siku hadi siku, na yakishanyonya vya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakichakaa. Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe yote, angalau kila baada ya miaka miwili, badala ya kuongezewa juu kidogo kila yakipungua. Na yakipungua uliza yamekwenda wapi. Fundi atakayekuambia bado yana rangi nzuri, mwambie rangi haionyeshi maji.

Kileleni

Kabla ya mteremko mrefu simama mahali pana palipo wazi, mbali na kona. Shuka, zunguka gari. Kaza kamba za mzigo: ndizi zinapangwa kwenda juu sana, na mzigo mrefu huvutia gari nje ya kona. Kama umebeba mawese, mapipa yaliyojaa nusu ni mabaya kuliko yaliyojaa, kwa sababu mafuta yanakimbilia mbele unapofunga breki na kukimbilia pembeni unapokata kona. Na watu wasikae juu ya mzigo, hata akiwa mwenye mzigo mwenyewe, hata akikuomba kwa heshima.

Kisha chagua gia, ukiwa bado juu. Gia ya kushukia ni ile ambayo gari hilo, na mzigo huohuo, lingeihitaji kuupanda mlima huohuo. Kama umejaza sana, shusha moja zaidi. Iingize gari likiwa linatambaa. Anayengoja mpaka mwendo umekuwa mkubwa atakanyaga klachi, atatoa gia kubwa, na ndogo itakataa kuingia. Hapo gari halina gia yoyote, na linakimbia lenyewe. Lori moja la mbao liliishia mtaroni mbele yangu kwa namna hiyohiyo. Dereva na utingo wake walitoka wazima kwa rehema za Mungu, na jambo la kwanza dereva alilosema ni kwamba gia ilikataa.

Utajua umepata gia sahihi kwa sikio. Injini inalia juu lakini imetulia, mshale wa mzunguko hauingii kwenye nyekundu, na ukitoa miguu yote kwenye pedali mwendo hauongezeki, au unaongezeka taratibu sana. Ukiona unaongezeka haraka, usijipe matumaini. Funga breki mapema na kwa nguvu, punguza mpaka karibu na kusimama, ingiza gia ndogo zaidi, uanze upya.

Fuso lina breki ya ekzosi, inayobana njia ya moshi ili injini ilizuie gari; unaiwasha kwa kile kishikizo kidogo karibu na usukani. Iwashe mwanzoni mwa mteremko, kabla hujaihitaji. Gari likiwa tupu na lami imelowa, izime, maana inaweza kuyafanya magurudumu ya nyuma yateleze.

Sasa mguu wa breki. Madereva wanaotoka tambarare hushuka wakiwa wamegusa pedali kidogokidogo toka juu hadi chini, wakidhani huo ndio uangalifu. Hawaipi breki hata sekunde moja ya kupoa. Jiwekee kikomo, tuseme kilomita 40 kwa saa. Mshale ukifika 40, kanyaga kwa uthabiti mpaka 30, kisha achia kabisa. Injini itakushika. Mwendo ukipanda tena mpaka 40, rudia. Ukiona unarudia kila baada ya muda mfupi sana, gia yako bado ni kubwa. Kwa wenzetu wa semi na malori yenye breki za upepo, ongezeni jambo moja: kukanyagakanyaga ovyo kunamaliza upepo kwenye mitungi haraka kuliko unavyojazwa. Mshale wa upepo uangaliwe kila mara, na taa ya onyo ikiwaka unasimama wakati bado una uwezo wa kusimama.

Katikati ya mteremko mrefu, pumzisha. Tafuta mahali pana, weka gia, weka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele, shuka. Pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu la mbele kushoto na la mbele kulia yanapaswa kukupiga joto linalolingana, na ya nyuma vivyo hivyo. Moja likiwa la moto peke yake, ama breki yake imeng'ang'ania, ama hizo nyingine hazifanyi kazi na hilo limebeba zamu ya wenzake. Hiyo ni habari ya kumpelekea fundi leo, kabla ya safari nyingine. Ukisikia harufu kali inayochoma puani, au ukiona moshi, kaa nusu saa au zaidi. Utingo akija na ndoo ya maji mzuie: chuma kilichopata moto namna ile kikimwagiwa maji baridi hupasuka.

Habari ya frii

Hili linanikera mpaka leo. Tajiri anampimia dereva dizeli, dereva anaona faida yake ni kile atakachobakiza, kwa hiyo akifika kileleni anatoa gia na kuliacha gari lishuke frii. Wengine wanazima injini kabisa.

Kwa magari ya siku hizi hakuna hata unachookoa. Ukiwa ndani ya gia, mguu hauko kwenye mafuta na gari linashuka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mfumo wa mafuta unakata usambazaji. Ukitoa gia, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Yaani anayeshuka frii anatumia dizeli zaidi ya anayeshuka na gia, na juu yake ameunguza breki. Ukizima injini ni balaa jingine: usukani unakuwa mzito, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, na ukizungusha ufunguo kupita kiasi usukani unajifunga. Tajiri anayesoma hapa, tafadhali acha kumlipa dereva kwa njia inayomshawishi kutoa gia.

Wenye Noah, Probox na magari mengine ya otomatiki, nanyi mna injini. Bonyeza O/D, kitufe cha gia ya juu kabisa, iandike OFF, na mteremko ukiwa mkali weka 2 au L. Gari litalia. Liache lilie.

Kwenye kona

Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, ingia ukiwa umeshaachia breki. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu. Ukiutumia wote kufunga breki, haubaki wa kugeuza. Shika kushoto kwako, piga honi kwenye kona usiyoona ng'ambo yake, na usiku zungumza kwa taa. Ukikutana na semi inayopanda kwenye kona ya kujikunja, simama kabla ya kona umwachie barabara yote. Kichwa chake kitakuja upande wako kwa sababu mkia wake unakata ndani; hana namna nyingine. Na panapobana, mwenye kupanda mpishe: akisimama na mzigo, kuondoka tena ni kazi ngumu.

Kuovateki kwenye kona au karibu na mgongo wa kilima, hapana. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Kwa 40, mita 11. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne, tena hapo ni kwenye tambarare kavu. Kwenye mteremko unazidi zaidi. Sheria imeweka 80 kuwa kikomo cha magari makubwa nje ya makazi na 50 ndani ya makazi. Vibao vya 50 vimewekwa kwa ajili ya watu, na njia hii ina watu: akina mama wenye mikungu kichwani, watoto wa shule, na baiskeli za ndizi. Hizi baiskeli zitazame vizuri. Mikungu inaning'inia pande zote mbili, upana wake unakula nusu ya njia yako, mwenyewe yuko katikati akishuka kwa kasi, upepo umemziba masikio, na breki yake mara nyingi ni soli ya kiatu anayoibana kwenye tairi. Hawezi kukupisha ghafla. Mfuate nyuma kwa umbali mpaka pa kunyooka, mpigie honi fupi ungali mbali, umpite kwa nafasi kubwa. Honi kubwa ya ghafla mgongoni kwake inaweza kumuua.

Ukungu, mvua, na jua la jioni

Upande wa Kalinzi ukungu huja asubuhi na baada ya mvua, na huja ghafla: unatoka kwenye kona moja kuna jua, unaingia nyingine huoni mwisho wa boneti. Washa taa za chini. Taa ndefu zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Fuata mstari wa pembeni kushoto, punguza mpaka mwendo unaoweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Usisimame barabarani. Ukitaka kungoja, toka nje ya lami kabisa.

Mvua za kwanza za Oktoba ni mbaya kuliko kubwa za katikati ya msimu. Lami imekusanya vumbi, oili na mawese yaliyovuja kwenye madumu kwa miezi yote ya kiangazi. Tone la kwanza linavichanganya, na barabara inateleza mpaka mvua iioshe. Baadaye shida inageuka kuwa udongo mwekundu unaoshuka kutoka mashambani na kingo zinazoporomoka kwenye kona. Asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, uingie kila kona ukitarajia kukuta udongo.

La jua wageni hawalifikirii. Ziwa liko magharibi. Anayeshuka kuelekea Kigoma saa kumi na moja jioni jua linampiga usoni, kisha anaingia kwenye kivuli cha kilima macho yakiwa hayaoni kitu kwa muda. Kioo kikiwa na vumbi ni hatari maradufu. Kifute kwa ndani pia.

Matawi na mawe

Ukikuta matawi ya miti yamepangwa kwenye lami, mbele kuna gari limeharibika, na mara nyingi liko ndani ya kona. Punguza hapohapo. Ukiharibikiwa wewe, weka reflekta za pembetatu mbele na nyuma, na upande wa mteremko ziwe mbali zaidi kwa sababu anayeshuka anahitaji nafasi ndefu. Ukikosa, matawi yatasaidia. Ukishatengeneza, yaondoe yote, na yale mawe uliyozuia matairi yaondoe kwa mikono yako kabla hujapanda kwenye kiti. Jiwe lililoachwa barabarani usiku linamngoja kijana wa bodaboda.

Breki zikikataa

Usizime injini. Usitoe gia. Usiruke. Pedali ikizama, ipampu haraka mara kadhaa, inaweza kurudisha kidogo. Shusha gia moja moja kama zinaingia. Kama una wasiwasi, baki na uliyonayo. Hendibreki ivutwe taratibu, ukiikwapua magurudumu ya nyuma yatajifunga na gari litageuka. Honi mfululizo, taa zote. Kisha tafuta ukingo wa mlima, ule upande wa udongo uliopanda juu, uweke magurudumu mtaroni na ubavu wa gari ukwaruze ukingo. Gari litaharibika, mzigo utamwagika, na huo ndio msaada uliobaki. Njia ya pembeni inayopanda au udongo laini wa shamba ni bora zaidi ukiupata. Upande wa korongo, hata ukionekana una nafasi, uuache.

Kwa abiria wa basi na Hiace: ukisikia harufu ya breki, mwambie konda, kwa sauti ya kusikika, dereva apumzishe gari. Ni haki yenu, na dereva mwelewa atawashukuru. Nanyi wa bodaboda, kuzima pikipiki kwenye mteremko na abiria wawili nyuma, naomba muache.

Kabla hujakabidhiwa funguo

Mpwa wangu, mwombe tajiri wako akuruhusu kwanza upande na kushuka na dereva mwenye njia, ukiwa umekaa kiti cha pembeni, asubuhi, siku kavu. Chukua daftari. Andika mteremko mrefu unaanzia wapi, gia gani aliingiza na kabla ya alama gani. Andika ukingo wa mlima uko kushoto au kulia kwa kila kipande, wapi pana mahali pa kupumzisha gari, wapi kuna njia ya pembeni inayopanda, wapi kuna shule na siku gani kuna soko. Halafu ukianza mwenyewe, anza na nusu ya mzigo. Mwenye ndizi atalalamika. Mpe namba yangu, nitazungumza naye.